Mlio Aliouchagua Prosper

Bomba la moshi la pikipiki ya mdogo wangu Prosper lilioza na kutoboka wakati wa kiangazi. Kabla hajaliziba kwa bati la kopo na waya, pikipiki ilinguruma siku kadhaa mpaka soko zima la Gashoho likawa linageuka kumtazama akipita. Ugonjwa ulianzia hapo. Mtu mwenye akili akigeukiwa na soko zima hujiuliza amekosea wapi. Prosper aliona wamempenda.

Mimi ni Adventina, dada yake mkubwa. Mama yetu alifariki tukiwa bado kambini Ngara, upande wa Tanzania, na mimi ndiye niliyembeba Prosper mgongoni. Kwa hiyo nikimsema, namsema mtu wangu. Tuliporudi Burundi tulilikuta shamba la baba hapa Gashoho, tukalima maharage, mahindi na kahawa kidogo, na baada ya mavuno kadhaa Prosper akanunua pikipiki. Kwa hilo nilimsifu. Siku za soko alibeba abiria na magunia, siku nyingine alinisaidia shambani. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya kufanya kazi, na kelele zake zilikuwa za kadiri.

Baada ya lile tundu hakutulia tena. Akaanza kunieleza kwamba Urbano, mwenzake wa pale kituo cha pikipiki, anapata abiria wengi kwa sababu pikipiki yake ina bomba la kishindo, na watu humsikia akiwa bado mlimani. Nilimwambia kwamba watu wanapanda pikipiki ya Urbano kwa sababu anafika saa aliyosema na hanuki pombe. Akacheka, akasema mimi sielewi biashara. Na wakati huo, mkumbuke, petroli ilikuwa haipatikani. Mtu aliyeipata aliipata kwa kunong'ona, kwenye chupa ya maji, kutoka kwa muuzaji anayetazama kulia na kushoto kabla ya kufungua mfuko. Nchi nzima inatafuta petroli, mdogo wangu anatafuta mlio.

Halafu kulikuwa na Jeska. Wazazi wake, mzee Kastori na mama Anisia, walikuwa majirani zetu kule kambini. Waliporudi, shamba lao lilikuwa Nyarusange, upande wa Gitega. Jeska alikuwa amesoma, anafundisha shule ya msingi, na alikutana tena na Prosper kwenye harusi ya watu tuliokua nao. Tangu hapo walikuwa wanapigiana simu kila jioni. Sikujua Jeska alimpendea nini, lakini sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayecheka kwa dhati, na mimi nikaombea jambo hilo liende vizuri. Ikakubaliwa kwamba Prosper aende kujitambulisha nyumbani kwao, bila mbwembwe, kabla wazee wetu hawajatumwa kwenda kusema rasmi. Aliniomba nimsindikize. Nilifurahi, mpaka aliponieleza safari yenyewe itakavyokuwa: Jumamosi tungepita Gitega mjini achague bomba jipya, tulale Musinzira kwa rafiki yangu Klara, na Jumapili ndiyo tuingie Nyarusange.

Nilimuuliza kwa nini asinunue bomba Muyinga, karibu na nyumbani, ambako maduka yapo. Akanijibu kwamba Muyinga kuna mabomba tu, Gitega kuna kuchagua.

Basi tukapita Karuzi mpaka Gitega, na lile bomba la bati la kopo likikohoa njia nzima. Duka lenyewe liko jirani na soko, la mtu anayeitwa Feroz, ambaye baba yake, mzee Mohamedjaffer, aliwahi kuuzia nusu ya mkoa vipuri vya baiskeli. Siku hizi baiskeli wameziachia kona moja. Ukuta mzima umejaa mabomba ya moshi, mafupi kwa marefu, yanang'aa, yamepinda kuelekea juu kama pembe za ng'ombe wa kienyeji. Mbele ya ukuta huo wanasimama wanaume wamekunja mikono, wametulia kama wako misani. Hakuna aliyekuwa anazungumza kwa sauti ya kawaida. Mmoja aligusa bomba kwa kidole, akakitazama kidole chake.

Feroz alimjua Prosper alipomwona tu. Sisemi aliwahi kumwona. Alimjua, kama mchinjaji anavyomjua mbuzi. Alimshika bega, akamuuliza pikipiki ni ya aina gani, akaanza kushusha bomba moja baada ya jingine. Hili la chuma cha pua. Lile la rangi ya bluu iliyochomwa kwa moto. Lile jingine lina matundu mawili. Bomba la kawaida, jeusi na refu, lenye bati la kinga lililotobolewatobolewa, alilitoa mwisho, tena alilishika mbali na mwili kama mtu anayetoa nepi ya mtoto.

"Hii iko ya kazi tu," alisema. "Mapadri, wazee. Bon, kama we unataka hii, mi nitakuuzia."

Nani angelitaka baada ya maneno hayo? Mimi nilisema nalitaka. Hakuna aliyegeuka.

Kisha ukaja wakati wa kusikiliza. Mabomba hayakuwa yamefungwa kwenye pikipiki, kwa hiyo milio yake Feroz alikuwa nayo ndani ya simu. Aliifungua video ya pikipiki ya ng'ambo, mahali penye barabara pana na vijana waliovaa kofia za bei mbaya, na wanaume wote wakainama kuizunguka. Spika ya simu ile haizidi ukucha. Ilitoa sauti kama ya nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Prosper alifumba macho. Mzee mmoja mwenye koti, ambaye hata sidhani alikuwa na pikipiki, alitikisa kichwa akasema hili lina besi. Wakarudia. Wakasikiliza la bluu, wakarudi kwa la kwanza. Mdogo wangu, ambaye sijawahi kumwona akilinganisha mbegu mbili za maharage kabla ya kupanda, alisimama pale asubuhi nzima akilinganisha nyuki na nyuki.

Nilienda kwenye meza ya malipo, alikokaa Farzana, mke wa Feroz, anakunja mifuko. Nilimuuliza mume wake anatumia bomba gani.

"Feroz hana pikipiki," alinijibu. "Kelele inamtia maumivu ya kichwa."

Alilisema bila kucheka, akaendelea kukunja. Nilimpenda papo hapo. Niliona pia kwamba hilo hatamwambia Prosper hata siku moja.

Mwishowe Prosper alichagua bomba fupi la kung'aa lililokaa juu, karibu na kiti cha nyuma, lina neno la Kizungu ubavuni ambalo Feroz mwenyewe alilisoma mara mbili kwa namna mbili. Nililitazama pale linapokaa. Niliuliza kinga iko wapi, maana hapo ndipo mguu wa abiria unapopita. Feroz akasema kwamba aina hii haiji na kinga, kwa sababu kinga ingeficha uzuri wake. Prosper alicheka pamoja naye, akaniambia, dada, mambo haya huyajui. Nilimjibu kwamba mambo ya bomba siyajui, lakini miguu naijua. Wakawa wameshatoka nje kwa fundi.

Fundi alikata, akachomelea, akakaza. Pikipiki ilipowashwa watoto wachanga waliokuwa sokoni wakaanza kulia, mama mmoja akaangusha kikapu cha nyanya, na vijana wa kituo cha pikipiki cha hapo wakapiga makofi. Prosper alinitazama kama mtu aliyesimikwa utawala. Nilimsaidia yule mama kuokota nyanya.

Jioni ile, Musinzira, aliosha pikipiki kwa sabuni ya vyombo ya Klara na kulifuta bomba kwa taulo ambalo Klara alikuwa amewawekea wageni. Klara alilitazama taulo lake, akanitazama mimi. Nilimwomba radhi. Prosper hakugundua kwamba kuna jambo la kuombewa radhi.

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, tukaenda Nyarusange. Nilijaza pamba masikioni. Nilivaa suruali ya jinsi chini ya kitenge, na mabuti, kwa hiyo miguu yangu ilikuwa salama. Bomba lilinguruma kama lori, lakini kwenye vilima pikipiki ilikuwa imeishiwa nguvu. Mafundi wanajua sababu. Mimi najua tu kwamba lile bomba la zamani, na tundu lake, lilikuwa linatupandisha sote wawili, na hili jipya lilishindwa. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya kwao Jeska ilinibidi nishuke. Nikapanda kwa miguu na nguo zangu za ugenini, na Prosper mbele yangu ananguruma kwa mwendo wa mbuzi.

Watu walitoka majumbani. Mzee Kastori alikuwa amesimama mbele ya ua wake amevaa koti, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka ya neno. Alingoja mpaka injini izimwe. Alitusalimia kwa heshima zote, akatuuliza habari za Gashoho, kisha akaigeukia pikipiki kwa huruma.

"Poleni na safari. Imeharibikia njiani?" aliuliza. "Kuna fundi mzuri hapo senta."

Prosper akamweleza kwamba haijaharibika, bomba ni jipya, amelinunua jana.

"Jipya," alisema mzee Kastori. Akalitazama tena, akatukaribisha ndani.

Sitasema uongo, chakula kilikwenda vizuri. Walituandalia ndizi na nyama ya mbuzi, wali, na mboga za lengalenga. Mama Anisia alikuwa ametoka misani, bado amevaa imvutano yake ya kijani, lile vazi la kufunga begani ambalo wanawake wa huku tunalivaa siku za heshima. Aliniuliza habari za kaburi la mama yetu, kama kuna mtu anayelitunza kule Ngara, na machozi yakanilenga. Jeska alihudumia, akakaa nasi, akazungumza bila kujibana. Alimtania Prosper kuhusu simu zake za jioni zinazokatika kwa kukosa chaji. Prosper, akiwa mbali na pikipiki yake, alikuwa tena kijana ninayemjua: msikivu, mchekeshaji, anakumbuka majina ya watu wa kambini mpaka ya mbwa wao. Nilikaa pale nikifikiria kwamba jambo hili litafanikiwa.

Baada ya kula, mama Anisia akaomba ruhusa. Kulikuwa na mkutano wa kina mama wa parokia na yeye ndiye aliyetakiwa kuufungua kwa sala. Prosper alisimama haraka akasema atampeleka. Mzee Kastori akasema si mbali, mama amezoea kutembea. Prosper akasisitiza. Alisema haiwezekani mama aende kwa miguu na yeye yupo. Maneno mazuri, na kwa masikio ya mtu asiyemjua yangekuwa ya adabu tu. Mimi niliona macho yake yameshatoka nje.

Aliiwasha kabla mama hajawa tayari. Mama Anisia alikuwa bado ananawa mikono na kutafuta kitabu chake cha sala, na nje pikipiki inanguruma. Vijana wa jirani walikuwa wamekusanyika njiani, na Prosper akawa anawapa walichokuja kukitafuta: anavuta mafuta, anaachia, anavuta, anaachia. Petroli ile tuliihangaikia karibu mwezi mzima. Aliichoma pale uani, amesimama papo hapo, haendi popote. Bomba lilibadilika rangi mwanzoni mwake, kuelekea injini, likawa na wekundu wa kizambarau.

Mama Anisia akatoka. Alipanda kwa upande, miguu yote pamoja, kama wanavyopanda wanawake wa rika lake. Upande aliopandia ulikuwa ule wenye ukingo wa majani ambao ungempa urefu, na huo ndio uliokuwa na bomba. Nilifungua mdomo nimwambie azunguke. Alikuwa ameshakaa. Mguu wake ukashuka juu ya chuma, na imvutano ikaufuata.

Alilia. Mimi nilimsikia kwa sababu nilikuwa karibu. Prosper, aliyekuwa amempa mgongo, hakusikia kitu. Bomba lake lilimziba masikio. Sote tukapiga kelele asimame. Alituona tumenyanyua mikono, na yeye akanyanyua wake, akatabasamu, akaondoka. Alifikiri tunamshangilia.

Alikwenda hatua chache tu. Jeska alikimbia akaishika pikipiki kwa mbele na kuzungusha ufunguo. Kukawa kimya, na katika ukimya ule tukasikia harufu. Mama Anisia alishuka peke yake, akakaa kwenye majani, ameushika mguu chini ya goti. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimeyeyuka. Sehemu imebaki kwenye ngozi yake, sehemu imeganda kwenye bomba inatoa moshi.

Sasa nasema nilichokiona, kwa sababu tangu siku hiyo kimesemwa kwa namna nyingi. Jeska alipiga magoti kwa mama yake. Mimi nilikimbilia dumu la maji. Prosper aligeuka, akaona kila kitu, akachuchumaa. Nilidhani anachuchumaa kwa mguu. Alichuchumaa kwa bomba. Alitoa kitambaa chake cha jasho mfukoni, akakisokota, akaanza kuifuta ile kijani iliyoyeyuka kabla haijakauka. Aliwahi kunieleza yeye mwenyewe, njiani, kwamba kitu kikiungulia kwenye bomba la kung'aa na kupoa, hakitoki tena. Alifuta kwa bidii, amekunja uso, kama mtu anayefanya kazi ya lazima. Halikuwa jambo la muda mrefu. Lakini Jeska alikuwa amenyanyua kichwa kuomba maji, na alimwona.

Baada ya hapo Prosper alikuja, akapiga magoti, akaomba msamaha kwa maneno mengi na machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Tulimwagia mama Anisia maji ya baridi, dumu baada ya dumu. Alikuwa anauma midomo, na kati ya maumivu alimwambia Prosper asilie, ni bahati mbaya. Prosper akasema atamkimbiza kituo cha afya kwa pikipiki. Mzee Kastori alikwenda kwa jirani kuazima baiskeli, akamkalisha mkewe kwenye kiti cha nyuma na kumfunika mguu kwa kitambaa safi kilicholowa, na wakaondoka taratibu, yeye akiisukuma na jirani akiishikilia.

Jeska alibaki nyuma kuchukua kitenge na pesa za dawa. Alipotoka alimkuta Prosper amesimama kwenye ua.

"Nenda nyumbani, Prosper," alimwambia.

Prosper akasema ilikuwa ajali, Jeska mwenyewe ameona ilikuwa ajali, na mama amemsamehe.

"Kuungua kulikuwa ajali. Sikulaumu kwa hilo. Lakini kufuta?"

"Kufuta nini?" aliuliza Prosper.

Aliuliza kweli. Nilimtazama usoni, namjua tangu hajaota meno, na hakuwa anajifanya. Alikuwa hakumbuki. Jeska akanitazama mimi kama anayetaka kujua kama nami sikuona. Niliinamisha kichwa. Akatoka mbio kuwafuata wazazi wake.

Nilirudi Gashoho kwa basi. Prosper alirudi na bomba lake.

Wiki zilizofuata zilinichosha kuliko kulima. Jeska hakupokea simu. Na Prosper, badala ya kukaa na aibu yake, akaipeleka kituoni, kwa wenzake wenye pikipiki, akaieleza kama dhuluma. Alisema familia ya Kastori imemkataa kwa sababu ya alama ndogo mguuni. Alisema wamekuwa na majivuno tangu binti yao awe mwalimu. Wenzake walimwonea huruma sana. Nilipita pale siku moja nikiwa na kikapu kichwani nikawakuta wamekaa juu ya pikipiki zilizokauka petroli, wanakubaliana kwamba wanawake wa Gitega wana moyo mgumu. Kila mmoja alikuwa na mfano wake. Urbano, ambaye ana mke mmoja tu na huyo mke ndiye anayemlisha, alikuwa anatoa mafunzo kuhusu wanawake. Kisha wote wakainama kulitazama bomba la Prosper na kumuuliza amelipata wapi.

Sikutaka kusema. Nilijiambia ataliona mwenyewe. Lakini mtu anayezungukwa na watu wanaomkubalia hataona kitu, na mimi nilikuwa nafua nguo zake. Kile kitambaa cha jasho nilikikuta kwenye mfuko wa suruali aliyovaa Nyarusange. Kilikuwa kimekakamaa, kimejaa madoa ya kijani magumu kama maganda ya mbegu. Sikukifua. Nilimpelekea uani, alikokuwa anasambaza kahawa juani, nikamwekea mkononi.

"Mama Anisia alikuwa chini," nilimwambia. "Ulichuchumaa ukafuta bomba."

Alikataa. Akasema haiwezekani, alikuwa anazima moto. Nilimwambia hakukuwa na moto. Akasema basi alikuwa amechanganyikiwa. Nilimwambia labda, lakini mtu akichanganyikiwa mikono yake huenda kwa kile anachokijali, na Jeska aliiona mikono yake ilipokwenda. Sikuongeza. Alikishika kile kitambaa akakigeuza, akakwangua doa moja kwa ukucha. Kahawa ilibaki bila kusambazwa mpaka nikaisambaza mimi.

Siku kadhaa baadaye akaenda Muyinga mjini na kurudi na bomba jeusi, refu, lenye kinga, la mapadri na wazee. Lile la kung'aa alimuuzia mtu anayeitwa Waziri, fundi cherehani wa hapo Muyinga. Prosper alimwonya kuhusu mguu wa abiria, alimweleza habari yote bila kujificha. Waziri alimsikiliza kwa adabu, akauliza kama linaweza kuongezewa besi.

Baada ya hapo Prosper alisafiri peke yake kwenda Nyarusange, kwa basi, akiwa amebeba imvutano mpya ambayo nilimsaidia kuichagua. Aliporudi hakunieleza chochote. Yaliyotokea niliambiwa na mama Anisia mwenyewe kwa simu. Alisema Prosper alikaa kwenye kigoda uani akamwambia kwa maneno yake mwenyewe kwamba siku ile aliangalia chuma kabla ya kumwangalia yeye, na kwamba hakuja kuomba mchumba, amekuja kwa hilo tu. Aliomba auone mguu. Mama Anisia akamwonyesha: kovu refu, jekundu, ngozi imevutika, na bado kulikuwa na sehemu moja iliyogoma kufunga. Prosper alilitazama lote. Akauliza ni nani aliyekuwa anamchotea maji wiki zote zile, akaambiwa ni Jeska, alfajiri kabla ya kwenda shule, halafu jioni tena. Basi akachukua madumu akashuka mtoni, akarudi, akashuka tena, mpaka mapipa yakajaa.

Jeska alirudi kutoka shule akamkuta. Alimsalimia vizuri. Walizungumza wamesimama, mbele ya mlango, mama akiwa anasikia. Alimshukuru kwa kuja. Alimwambia kwamba hasira imeisha. Alimwambia pia kwamba amekuwa akijiona yeye mwenyewe akilini, siku moja, yuko chini pale alipokaa mama yake, na kila akiifikiria ndoa anaiona picha hiyo, na haitoki.

"Naamini umejuta," alimwambia. "Lakini siwezi kuolewa na wewe ili tujue kama kujuta kumetosha."

Mama Anisia aliniambia yote hayo bila kinyongo. Alisema imvutano ni nzuri, rangi imempendeza. Alisema mzee Kastori alimsindikiza Prosper mpaka barabarani na walizungumza habari za mbegu za maharage. Kisha akaniomba nimsaidie kwa jambo moja.

"Prosper bado anamtumia Jeska ujumbe asubuhi, wa kumsalimia tu," alisema. "Hauna ubaya. Lakini mwambie asingoje."

Nilimkuta anakaza mnyororo wa pikipiki, mikono imejaa grisi. Nilimwambia kama nilivyoambiwa. Aliendelea kukaza, nikafikiri hakusikia, nikataka kurudia. Akasema amesikia. Alifuta mikono kwa majani, akaitoa simu, akaishika muda, kisha akairudisha mfukoni bila kuandika. Akaniuliza kama jembe lake nimelipeleka kwa mhunzi. Nilimwambia bado. Akaenda kulipeleka mwenyewe, kwa miguu.